Celina Ciakuthii na Homa ya Githongo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutafuta dawa mpya ya malaria katika kituo chetu cha utafiti hapa Embu, Dkt. Celina Ciakuthii anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2011. Kamati imeniomba mimi, Njagi, niandike wasifu wake kwa kuwa tumefanya kazi meza kwa meza muda wote huo. Nimekubali. Ningekataa, watu wangesema namwonea wivu, na kweli namwonea.

Alizaliwa Kanyakine, akasomea Dar es Salaam, akarudi na Kiswahili sanifu kinachomwasha ulimi. Dawa ya klorokwini ilipoanza kushindwa na malaria, tulitumwa sote wawili vijijini kuuliza watu wanajitibu kwa miti gani. Mimi niliteremka kwetu Mbeere, kwenye joto na mbu, nikauliza vizuri kabisa kuhusu malaria, ile ya kutetemeka. Celina alipanda Githongo, kwenye baridi na mashamba ya kahawa, akauliza dawa ya homa, kama waitavyo malaria kule Dar es Salaam. Jamani! Huku kwetu mwenye homa ni mtu anayepiga chafya. Kina mama wa Githongo wakamhurumia binti wa watu na mafua yake, wakamnywesha uji wa moto, wakampa gunia zima la mizizi ya kuzibua pua.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikangoja akemewe.

Wapi! Mizizi ile ya mafua iliua vijidudu vya malaria kwenye maabara. Magome yangu, niliyopewa na watu wanaougua malaria kila mvua zikinyesha, yalishindwa moja baada ya jingine, ukiacha yale yaliyoliwa na mbuzi yakiwa yameanikwa. Gome moja tu lilivilegeza vijidudu, navyo vikaamka tena. Mwingine akikosea huitwa ofisini; Celina alikosea, akaitwa Nairobi kutoa mhadhara. Hadi leo wageni wakija huulizia chumba chake, na mimi ndiye ninayewaonyesha mlango.

Lakini kazi aliifanya, tusimnyime. Mizizi yake iliponya panya wa maabara, kisha ugonjwa ukarudi. Hakuficha. Alitangaza mbele yetu sote, akaanza upya, mwaka baada ya mwaka. Amefunza vijana wengi, akiwemo Wamuyu anayechukua nafasi yake. Nafasi hiyo niliitaka mimi. Sitasema zaidi.

Mwezi Machi mwaka huu stoo ilisafishwa, na gome langu, lile lililolegeza vijidudu, likatupwa. Nilikuwa nimechoka kulitetea. Celina aliliokota kwenye taka, akalichanganya na mizizi yake, akawapa panya wagonjwa bila kuniambia. Panya wale hawajaugua tena. Bado si dawa, kuna kazi ya miaka mbele yetu, ila kwenye ripoti yake ya mwisho jina la kwanza ni langu, lake linafuata.

Nilienda kumwambia arekebishe. Alikataa katakata, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa. Miaka yote nilijipa moyo kwamba ananishinda kwa bahati tu. Sasa amenishinda hata kwa roho nzuri, na inaniuma vibaya sana.

Asante, Daktari. Nenda Kanyakine ukapumzike, migomba yako istawi, na homa isikuguse, iwe ya Githongo au ya Mbeere. Mimi nabaki kuwalisha panya wetu.