Kisanduku cha Kupimia Vumbi

Mpima vumbi wa mradi wa kujenga upya mtaa alikuwa amekaa kwenye basi, ripoti yake mapajani, akijipongeza moyoni: miezi sita, hewa safi. Kwenye kiti cha mbele yake, mfagizi wa mradi alikuwa akipiga soga na mama mwenye mtoto.

"Kile kisanduku cha kupimia vumbi nakifunika kwa mfuko wa plastiki kila asubuhi, dada. Kitu cha watu, kisije kikachafuka."

Mama akamsugua mgongo bintiye, aliyekuwa akikohoa kama mzee. "Kumbe! Ndiyo maana tunaambiwa vumbi hakuna?"

"Mimi niliambiwa nikitunze, nikakitunza!"

"Umekitunza kweli. Na kifua cha huyu akitunze nani?"

Basi likasimama mbele ya ofisi ya mradi. Mpima vumbi akajikausha, akaikung'uta ripoti vumbi, akashuka kwenda kuikabidhi.