Wasifu wa Bwana Mita, Aliyefundishwa Kuchoma Nyama na Mkewe

Marehemu mume wangu alifundishwa kuchoma nyama na mimi, mkewe, nyuma ya nyumba yetu, na kwa miaka kumi na moja aliwaambia watu kwamba alifundishwa na mdogo wake. Mdogo wake alijua si kweli, akaitikia na kula. Naanza na hili kwa sababu wasifu wa kwanza, ulioandikwa na huyo huyo shemeji yangu, ulilirudia ukurasa wa pili, chini ya picha. Nikaukataa. Mimi sikusoma, nimesema, na binti yetu mkubwa ameandika kama nilivyosema. Anayewasomea ni shemeji, kwa kuwa ndiye ndugu pekee wa tumbo moja na marehemu aliyebaki na ana sauti nzuri. Naomba asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mama mkwe alinisimulia kwamba alikuwa mtoto mwenye heshima lakini mbishi. Ukitaka kumwonyesha namna ya kufunga kamba za viatu, anasema anajua, halafu anashinda siku nzima viatu vikimvuka. Hayo niliambiwa nikiwa nimeshaolewa. Yangekuwa na faida zaidi kabla.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978. Alikuwa mzuri wa hesabu. Mwaka 1983 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma mita, na kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Hakuwahi kuandika tarakimu asiyoiona kwa macho yake. Mbwa wa mitaa minne walimjua na hawakumbwekea. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Mita.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1992. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yangu alikuwa akichoma nyama karibu na kituo cha malori, na mimi nilisimama naye jikoni tangu nina miaka minane, saa ambazo wenzangu walikuwa darasani. Madereva walikuwa wakishuka wanauliza, "Leo anachoma mama au mtoto?" Wakiambiwa mtoto, wanakaa. Hiyo ndiyo shule yangu, sina nyingine. Ndugu za mume wangu walisema nimeingia kwao mikono mitupu, na wengine wao wapo hapa, wananisikia.

Marehemu alipenda sana kuchoma nyama Jumapili, na alichoma vibaya kwa miaka kumi na saba. Kazi yake ilimwingiza nyuma ya nyumba za watu, na kila ua alioingia alitoka na maarifa. Nyumba moja walimwambia nyama imwagiwe soda. Nyingine, igongwe kwa chupa. Nyingine, mkaa uamshwe kwa mafuta ya taa, na wiki hiyo tulikula mbavu zenye harufu ya kibatari. Alikuwa akiweka nyama moto ukiwa bado unawaka ndimi, anaichoma uma kila dakika maji yote yanatoka, anaikandamiza kwenye wavu, halafu anashangaa kwa nini nje mkaa na ndani damu.

Nilikuwa nikimwambia, "Baba watoto, subiri mkaa uvae majivu."

"Mama watoto, moto ni kazi ya mwanamume. Wewe kata vitunguu."

Nilikata vitunguu miaka kumi na saba.

Tarehe 9 Agosti 2009 alimkaribisha nyumbani mkuu wake wa kazi pamoja na mke wake. Yule mama alitafuna kipande kimoja muda mrefu sana, halafu nikamwona anafungua mkoba wake taratibu na kukificha ndani ya kitambaa. Marehemu naye aliona. Wageni walipoondoka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo mkononi, akaniambia, "Haya. Nifundishe. Lakini kwanza funga lango, majirani wasione."

Nililifunga. Nilimfundisha Jumamosi saba, lango limefungwa. Nilimfundisha kuitia nyama chumvi mapema na kuiacha, na kusukuma mkaa wote upande mmoja ili nyama nene iivie upande usio na moto chini, halafu imalizikie juu ya moto. Nilimwekea mkono wake juu ya wavu nikamwambia ahesabu. Akifika nne bila kuutoa, moto uko sawa. Akataka kujua nne za haraka au za polepole. Nilimnyang'anya uma. Nilimzuia kukata nyama ikitoka tu motoni, aiache dakika kumi kwanza, na zile dakika kumi alizizunguka kama mwenye mgonjwa. Jumamosi ya nne alilia, akasema ni moshi. Jumamosi ya saba alichoma mbavu ambazo hata mama yangu angezila bila kusema neno, na mama yangu alikuwa anasema.

Baada ya hapo alichoma vizuri, sitamnyima haki yake. Wageni walianza kujialika wenyewe. Lakini waliokaa karibu na jiko wanajua kwamba kipande cha kwanza alinipa mimi kimyakimya, akanitazama. Nikitikisa kichwa kukubali, ndipo alipopeleka sinia kwa watu.

Jumapili ya tarehe 15 Desemba 2013 tulimfanyia sherehe binti yetu mkubwa alipomaliza chuo. Yule mkuu wa kazi alikuja tena, akala, akajilamba vidole, akauliza mbele ya watu wote, "Bwana Mita, huu si uchomaji wako wa zamani. Nani kakufundisha?"

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia. Marehemu alinitazama. Halafu akasema, "Mdogo wangu huyu. Si unajua anafanya kazi hotelini?"

Shemeji, na ubavu mdomoni, akajibu, "Tumehangaika naye sana huyu."

Hotelini shemeji alikuwa anafua mashuka.

Jioni tukiosha vyombo nilimuuliza marehemu kwa nini. Akasema, "Ningesemaje mbele ya mkuu, kwamba nimefundishwa na mke? Nitasema siku nyingine." Siku nyingine zilikuja nyingi. Kila moja ilikuwa na mgeni wa kuheshimiwa.

Ukiacha hilo, alikuwa mume mwema. Hakuwahi kuninyanyulia mkono wala kulala nje. Wanawe wote aliwasomesha, wa kike kwanza.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Daktari alimkataza chumvi na nyama, naye akawa anakaa karibu na jiko kunusa tu. Wiki yake ya mwisho hospitalini alimwita mdogo wake, akamwambia mbele yangu na mbele ya muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu, "Mimi sikuweza. Wewe utawaambia watu kwamba ni mke wangu."

Shemeji akasema, "Nitasema, kaka."

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mguu. Siku mbili baadaye shemeji akaniletea ule wasifu wa kwanza.

Nikamuuliza, "Shemeji, na yale ya hospitalini?"

"Shemeji, hii ni karatasi ya msiba. Tusiingize mambo ya jikoni."

"Mbona ya kwako umeyaingiza?"

Akasema alikuwa na haraka.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, na mdogo wake. Apumzike kwa utulivu. Yeye alikiri kwa kinywa chake, na mimi nimeyapokea maneno yake.

Aliyebaki na deni langu ni shemeji. Aliahidi kwa mtu aliyekuwa anakufa. Kuyasoma haya hakuhesabiki, maana ni maneno yangu. Akifika hapa aikunje karatasi, awatazame ninyi, na aseme kwa maneno yake mwenyewe ni nani aliyemfundisha kaka yake, na yeye siku zile alikuwa anafanya nini huko hotelini. Nimesimama kulia kwake. Ninasubiri.