Tangazo Lililokatika

Teksi kutoka Busia ilipokaribia Tororo, Joanita alimweleza Oketcho, abiria aliyekaa kando yake, alivyokosa kumzika mjomba. "Alikuwa na wake wawili, mmoja kijiji cha Molo, mwingine cha Merikit. Redio ikamtaja, ikataja watoto, ikataja wakwe wote, halafu kimya. Nikakimbilia Molo. Kumbe anazikwa Merikit."

Oketcho aliinamisha kichwa. Sauti ile ya redioni ilikuwa yake, na wakaguzi wa mawasiliano waliuzima mtambo akiwa bado anasoma.

"Pole, dada. Msomaji ni mimi. Hatukuwa na leseni. Wakaguzi waliotuzimia mtambo walikuwa na haki."

"Haki gani ya kukata tangazo la kifo? Wangengoja umalize."

"Au mimi ningeanza na mahali pa maziko."

"Mahali pawatangulie wakwe? Wangekusema mpaka Yesu arudi."

Teksi ikasimama. "Nilikuwa nimebakiza neno moja tu," alisema Oketcho, akimpisha ashuke.