Kiberiti kilichokataa kuwaka ndani ya kave yetu

Asifiwe Bwana aliyeninyima moto, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana bila ile kunyimwa, leo mungekuwa munaniimbia wimbo wa maziko, na batu batano kati yenu bangekuwa kando yangu mu sanduku.

Kwanza niungame. Mimi Muhindo wa Mususa, niliyesoma masomo ya jioni nikiwa tayari baba wa batoto bane, niliyepata diplome yangu mbele ya Kavugho mutoto wangu kupata yake, niliamini kwamba gaz inaogopa maji. Balisema sokoni: maji ikiingia mu nyumba, gaz inatoka mbio kwa dirisha, inapanda mbinguni kama moshi wa ubani, na huko juu inageuka radi. Niliisadiki kama Kanuni ya Imani! Radi ikipiga upande wa Beni, nilisema: "Basi, chupa ya mutu imetoroka huko." Nilifundisha hata bajirani.

Nyumba yetu munaijua, iko kwenye mutelemuko. Ukiingia kwa barabara uko juu. Ukishuka ngazi kumi na moja uko mu kave, ile chumba ya chini. Humo Kahindo, muke wangu, anapikia mandazi ya kuuza, kwa resho ya gaz ya macho mawili. Humo pia tunaweka kabichi zetu za kutoka Alimbongo, magunia kama mulima.

Ile mvua, ndugu zangu! Nuhu mwenyewe angeomba nafasi kwa jirani. Asubuhi tulikuta maji ndani ya kave mpaka kiunoni, sufuria zinaogelea, na chupa ya gaz inaelea kama bata, inavuta tuyau yake, ule mupira wa kupitisha gaz, huku na huku. Tulifungua mulango mudogo wa upande wa bonde, maji ikatoka, tukaufunga tena kwa sababu ya bezi ba usiku. Kesho yake ilibaki tope. Na harufu.

Kahindo akasema: "Papa Kavugho, hii harufu hapana ya kabichi."

"Ni ya kabichi. Kabichi ya Alimbongo ikioza, inanuka mpaka Goma."

"Kabichi ninaijua tangu mugongoni mwa mama. Hii ni ingine."

"Mama, wewe uko na diplome?"

Akanigeuzia mugongo, akapanda ngazi. Ule mugongo wake, afazali matusi.

Mais, lakini, kichwa changu kilivurugika. Niliwaza: kama ni gaz, imekwisha kupanda mbinguni tangu jana. Na kama imepanda, harufu inafanya nini huku chini? Nilipopanda ngazi, sikusikia kitu. Niliposhuka, ikanikamata mapuani. Donc, basi ni kabichi! Nikatoa kabichi zote nje, hata zile nzima. Harufu ikabaki. Nikasema: basi ni panya aliyekufa. Nikatafuta panya mu tope na mikono yangu, hakuna panya. Nikasema: basi ni shetani.

Kwa shetani dawa tunaijua. Nyumba ikipatwa na hasara, kwetu hapana kuwasha jiko tena mbele ya kuwasha mushumaa uliobarikiwa, ule wa sikukuu ya mwezi wa pili kanisani, wenye tunawasha pia wakati wa radi. Nikaita kikundi chetu cha sala. Saa sita ya muchana tukashuka zile ngazi: mimi mbele na mushumaa, Mama Vihamba nyuma yangu na rozari, bengine bane banaimba. Kahindo alibaki juu ya ngazi, mikono kiunoni. "Mimi sishuki," alisema. Nikaona aibu kwa imani yake ndogo.

Nikapiga njiti ya kwanza. Hapana. Ya pili, hapana. Kile kiberiti kilikuwa kimelala mu maji pamoja na sufuria. Ya tatu, kichwa chake kikatoka kama uji. Nikasimama mu tope na kumulaumu Mungu, ndugu zangu, naungama! Nilisema: "Bwana, ninakuomba moto kidogo wa kukusifu, na hata ule unaninyima?"

Mama Vihamba akanigusa begani. "Papa Muhindo, shika changu. Kimekauka vizuri."

Nikakishika. Nikafungua. Nikatoa njiti.

"Yaya Muhindo! Kiberiti chini!"

Alikuwa Salumu, yule Muislamu wa Beni anayetuletea chupa za gaz kutoka Kasindi, na anayeniita yaya, kaka mukubwa. Alikuja kuona kama chupa yetu imepona, akasikia ile harufu tangu katikati ya ngazi.

"Batu bote barabarani! Hapana gusa lampe, hapana gusa simu! Mbio!"

Mama Vihamba akakasirika: "Wewe, unakuja kuvunja maombi yetu?"

"Mama, omba sana. Mais uombee barabarani."

Tulipanda ngazi kumi na moja kama batu ba miaka kumi na tano. Salumu akazunguka, akafungua ule mulango wa bonde kwa nje, akatuacha tusimame mpaka jua likageuka. Ndipo akaingia, akafunga chupa, akaitoa. Tuyau ilikuwa imechomoka nusu tangu chupa ilipoogelea. Detandere, kile kichwa cha juu ya chupa, kilikuwa kimejaa tope. Akavitupa vyote viwili. "Chenye kimekunywa tope hapana kurudishwa," alisema. "Na resho, fundi aione kwanza."

Mpaka leo sijui vizuri nimushukuru nani kwanza. Kiberiti kilicholowa? Muislamu wa Beni? Pua ya Kahindo, ambaye nilimuomba musamaha mbele ya batoto bote? Ninaona mukono mumoja nyuma ya vyote. Wewe unayelia kwa sababu umenyimwa, mutumaini Yeye, ngoja kidogo. Na muke wako akisema kitu kinanuka, mutumaini naye pia! Wasingya, asante, Bwana!

Siku ile, barabarani, nilikuwa nimemuuliza Salumu: "Mais ndugu yangu, gaz si ilikwisha kupanda mbinguni?"

Hakucheka. Alinijibu: "Gaz ya chupa ni nzito kupita hewa. Haipandi. Inashuka, inakaa mahali pa chini kuliko pote. Ilikuwa kwenye magoti yako."