Swichi ya Mazoezi

Muuguzi alijifanya amesinzia, kumbe ametega masikio kiti cha mbele. Pale, mtaalamu wa kompyuta wa hospitali yake alikuwa akijisifu kwa mzee mmoja fundi makufuli, na treni nayo haikuwa na haraka ya kumwokoa mzee wa watu.

"Mzee wangu, kompyuta kubwa za kisasa zina kifaa cha kuziwasha na kuzizima ukiwa mbali. Zetu za zamani hazina. Basi nimepakua programu inayojifanya ndiyo kifaa hicho. Ni ya mazoezi tu."

"Na ukibonyeza kuzima, kinazimika nini?"

"Kompyuta yenye mafaili ya wagonjwa."

"Nayo ni ya mazoezi?"

"Hapana, hiyo ni ya kweli."

Muuguzi akakumbuka juzi, mafaili yalipotoweka asubuhi nzima, wakaambiwa ni umeme.

Fundi alikuna kidevu. "Mwanangu, mlango wa kuigiza ukifungua chumba cha kweli, huo ni mlango. Umeutia kufuli gani?"

"Nywila ileile iliyokuja na programu. Admin, halafu moja mpaka sita."

"Punguza sauti."

"Usijali, mzee. Humu nani anayaelewa haya?"

Nyuma ya muuguzi, abiria aliyekuwa akibonyeza laptopu tangu kituo cha kwanza aliacha kubonyeza ghafla. Treni iliposimama, alimpisha mtaalamu ashuke kwanza, kwa adabu zote, kama mgeni anayemsubiri mwenyeji amfungulie nyumba.