Bobini Arudi Kiwandani

Benchi la mji wa Kilnavara liko mkabala na duka la mikate la akina Nestor, mgongo wake umeegemea ukuta wa kanisa. Kila asubuhi, alimradi mvua ni ya manyunyu tu, hukaliwa na watu wanne wale wale. Yupo Malachy Tuohy, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Fintan Heneghan, yaani Askofu, ambaye ujanani alisomea upadri mwaka mmoja na hajaacha kuusimulia. Yupo P.J. Loftus, dereva mstaafu wa malori, wao humwita Dizeli. Na mwisho kabisa wa benchi, upande wa kituo cha basi, hukaa mwanamke pekee kati yao, Attracta Looby, mjane, fundi cherehani wa zamani. Wenzake wamempa jina la Bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani. Nafasi ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Wiki moja baada ya maziko alikuja na kikombe chake cha kahawa akaketi, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Jumanne hiyo gumzo lilikuwa moja tu: kile kiwanda cha mashati kilichofungwa zamani, ambacho sasa ni kituo cha sanaa, kilikuwa kimewekwa mapazia meusi madirishani. Kila mwaka kituo humwalika msanii mmoja kutoka mbali, humpa chumba cha kulala na ukumbi wa kazi, naye hukaa miezi kadhaa akifanya sanaa yake pamoja na watu wa mji. Mwaka juzi alikuja jamaa aliyezunguka makaburini akirekodi upepo. Mwaka jana akaja bibi aliyelifumia daraja zima blanketi la sufu. Wa mwaka huu alikuwa mcheza dansi kutoka Cork, msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira, Fidelma Roche.

— Dansi gani hiyo ya kujifungia mapazia? — alisema Redio. — Hapo pana jambo. Jana nimewaona kwa macho yangu, akina mama wanaingia mmoja mmoja kama wezi. Philomena wa duka la dawa. Wale mapacha wa Durkan. Wote walikuwa mafundi wa kiwanda. Jumlisheni wenyewe! Kiwanda kinafunguliwa tena!

— Kinafunguliwa na nini? — alisema Dizeli. — Cherehani zote ziliuzwa ng'ambo. Nilizipakia mimi kwenye lori.

— Basi ni filamu. Wamarekani wanapiga filamu ya siri. Ndiyo maana ya mapazia.

— Filamu ya mapacha wa Durkan? Nani ataitazama?

— Nyinyi hamjui kitu, — alidakia Askofu, akajisogeza mbele. — Hiyo ni dini mpya. Nilipokuwa seminari tulifundishwa dalili zake. Kwanza mapazia. Pili wanawake wa makamo. Tatu kiongozi anayetembea bila soksi.

— Ulikaa seminari mwaka mmoja ukafukuzwa kwa ulafi.

— Sikufukuzwa! Nilishauriwa.

— Na hiyo dini yako inaabudu nini?

— Uzi, — alisema Askofu bila kupepesa macho. — Watu wamewahi kuabudu vya ajabu zaidi.

Attracta alikunywa tu, kahawa inamchoma ulimi. Naye alikuwa mmoja wa hao wanaoingia, ila yeye alipitia mlango wa nyuma. Alianza kazi pale akiwa binti wa miaka kumi na mitano, akashona kola za mashati ya watu asiowajua mpaka Ijumaa ile walipoambiwa wachukue makoti yao waende nyumbani. Tangu siku hiyo, akipita barabara ile, alivuka akatembea upande wa pili. Miaka yote. Fidelma ndiye aliyemfuata nyumbani, akanywa chai, akamuuliza: "Mikono yako ilikuwa inafanya nini siku nzima?" Attracta akainyoosha hewani amwonyeshe, mara moja tu, na mikono ikakumbuka yote. Kugeuza kola, kubana ncha, kusukuma, kukata uzi. Tena na zile ishara zao, maana kwa kelele za cherehani hapakusikika mtu. Wanawake waliongea kwa midomo na vidole kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Fidelma aliitaka mikono hiyo jukwaani.

— Bobini, — alisema Redio ghafla. — Wewe umeota mvi mle ndani. Mbona leo umemeza ulimi?

— Nakunywa kahawa.

— Mwoneni masikio yalivyoiva! Weee! Jamani, na huyu yumo!

Wote watatu wakamgeukia. Attracta akaweka kikombe chini.

— Ni onyesho, — alisema. — Jumamosi. Tunaonyesha ile kazi yetu. Kwa mikono. Kama dansi hivi.

Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, lilimpwaya. Redio alikuwa ameshasimama. Akashika kikombe chake kama sindano, akatikisa kiuno, akashona hewa kwa madaha mpaka mbele ya bucha, na waliokuwa kwenye foleni ya nyama wakacheka. Askofu akacheka. Dizeli akacheka. Attracta naye akacheka, na hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, kwamba alijicheka pamoja nao.

Alasiri alikwenda kituo cha sanaa kumwambia Fidelma kwamba amejitoa. Safari hii alipita mlango wa mbele, kwa kuwa hakuwa na cha kuficha tena. Alisimama kizingitini. Ukumbi ulikuwa mrefu na mtupu, na mwisho wake walikuwa wenzake sita wamekaa kwenye viti. Fidelma alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na taa. Hakuna aliyetoa sauti, lakini midomo yao ilikuwa inakwenda, na Attracta aliisoma kutoka mlangoni kama mtu asomavyo bango.

"Bobini haji leo," ilisema midomo ya Philomena.

"Wala Jumamosi haji," ikajibu ya pacha mmoja. "Amechekwa benchini. Anamwogopa Redio."

"Redio yupi? Huyu aliyezimia kwa sindano ya mafua?"

"Huyo huyo. Nampa pole Bobini. Kola zake zilikuwa nzuri, moyo ndio mdogo."

Damu ilimpanda Attracta mpaka kwenye nywele. Akapiga hatua moja ndani, akainua mkono kama walivyozoea kuitana enzi hizo, na walipomwona akawaambia, kwa midomo peke yake, kutoka upande wa pili wa ukumbi:

"Nimewasikia, mashetani nyinyi."

Ukumbi ukalipuka. Pacha mmoja aliteleza kwenye kiti kwa kicheko, Philomena akajifunika uso kwa sketi. Fidelma aligeuka, taa mkononi.

— Kuna nini? Nimepitwa na nini? Mbona hakuna aliyesema kitu?

— Tumesema mengi, mwanangu, — alijibu Attracta, akavua koti. — Haya, twende kazi.

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Attracta alichungulia nyuma ya pazia akawaona watatu wake: Askofu amechomekea, Dizeli amevaa tai ya maziko, Redio katikati, tayari anaongea. Kisha taa zikazimika, zikawaka, na wanawake saba walikuwa wamekaa safu, mbele yao hakuna meza wala cherehani.

Hapakuwa na muziki. Ilianza mikono. Kugeuza, kubana, kusukuma, kukata. Kwanza kila mmoja kivyake, halafu pamoja, halafu haraka kama siku za oda kubwa, mpaka watu wakaapa baadaye kwamba walisikia mtambo ukinguruma. Wakapitishana ishara juu ya kazi bila kazi kusimama: msimamizi anakuja, nipe uzi, mtoto wangu hajapona, vumilia imebaki saa moja. Mwisho wakasimama, kila mmoja akagonga vidole viwili kwenye mfupa wa bega lake, mara mbili, akimtazama mwenzake. Wakatoka.

Kisha makofi yalianza, wakaitwa jukwaani, wakaitwa tena, na wakati wa kuinama aliona Redio amesimama juu ya kiti, anapiga makofi kama anayeua mbu.

Jumatatu benchi lilijaa mapema. Dizeli hakugusa kahawa yake.

— Bobini, — alisema. — Ile ya mwisho. Vidole begani. Maana yake nini?

— Ilikuwa ya kuagana jioni. "Kesho, salama." Kwa nini?

— Mama alikuwa akinifanyia hivyo mlangoni, nikienda kulala. Kila siku. Mimi nilidhani ni mwasho.

Hakuna aliyecheka. Attracta alimsogelea kidogo. Kiwandani aliwahi kukaa viti viwili kutoka kwa Kathleen Loftus, mama yake Dizeli. Mwanamke yule hakuwa mtu wa maneno matamu.

— Hakuwa na mwasho, P.J., — alimwambia.

Dizeli akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akatoa leso, akasingizia upepo. Ndipo Redio, ambaye ukimya humuumiza kama jino, akarudi hewani.

— Mimi nilisema tangu mwanzo! Nilisema au sikusema? Huyo Fidelma ni kichwa. Limerick wameshawaita wakaonyeshe kwao, mmesikia?

— Tumesikia. Aliyekwambia ni Bobini mwenyewe.

— Kutoka Limerick ni Dublin. Kutoka Dublin ni Paris.

— Roma, — alisema Askofu. — Baba Mtakatifu huvaa kola. Lazima atavutiwa.

— Na Japani! Wajapani wanapenda vitu vya kimya. Hawa ni wanawake wetu, bwana! Wa Kilnavara! Mji gani mwingine una watu wa kuongea ng'ambo ya ukumbi bila kutoa sauti?

Attracta aliwaacha wamwage maneno. Alikaa wima, mikono yake juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kuificha mifukoni.

Kwenye kituo cha basi alikuwepo kijana anasubiri, Mbrazili mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, jina lake Edilson, mgeni wa miezi michache tu. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, mama, — alisema. — Hizo ishara ulizifanya miaka mingapi, kabla ya Jumamosi?

— Ishirini na sita.

— Na mji ulikuwa hapa hapa?

— Ungekuwa wapi? — alisema Redio.

Edilson aliwatazama wazee watatu, bila ubaya wowote, mtu anayetaka kuelewa tu.

— Sasa mbona hamkuwapigia makofi wakati ule?

Dizeli aliinama. Redio alimtazama Askofu, akamtazama Dizeli, akakiinua kikombe chake akakuta hakina kitu, akakishika hivyo hivyo.

Basi la Ennis lilikunja kona likasimama. Edilson alipanda, akalipa, akakaa dirishani, uso wake bado umewaelekea, anangoja jibu. Attracta alimwinulia mkono. Basi likaondoka nalo swali lake, na benchini, kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi kutokea, Redio hakusema neno.