Mistari Mitatu ya Chelangat

Kijiwe chetu ni gogo la mkaratusi lililolala mbele ya kituo cha kununulia majani chai, hapa Merigi. Kila alasiri tunakaa hapo tukingoja lori, na tunakunywa kahawa. Ndiyo, kahawa, katikati ya chai. Kuria mwenye duka huletewa kutoka kwao Nyeri, naye husema chai ni kazi, kahawa ni kupumzika. Siku ninayoisimulia, mwaka wa 1997, ukungu ulishuka mapema, na redio ya Kuria ilikuwa ikicheza kaseti ya tatu ya Chelangat. Huyu ni msichana wa Ayalandi aliyekuja miaka minne nyuma kumtembelea shangazi yake, sista muuguzi, akaondoka na jina tulilompa sisi Wakipsigis. Anatunga mwenyewe, anajirekodi mwenyewe, hata picha ya jalada anachora mwenyewe. Sista ndiye hutuletea kaseti na habari, na habari ya safari hii ilikuwa kwamba kampuni kubwa ilimwita akakataa.

Kuria: Mtu anakataa kampuni namna gani? Mimi wakiniita hata sivai viatu, naenda tu.

Robert, mwalimu mstaafu tunayemwita Kamusi kwa sababu hakosi methali, alipuliza kikombe chake.

Kamusi: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuria: Na yeye anatembeza kaseti kwa begi, baa mpaka baa. Sasa amekuwa kibaya?

Kamusi: Methali ni kama gamubuti, Kuria. Ukisukuma, inaingia mguu wowote.

Mimi: Sista anasema juzi aliimbia watu kumi na moja.

Kamusi: Haba na haba hujaza kibaba.

Kuria: Mimi nimeshaelewa. Kampuni ilitaka wimbo kila wiki, vile kiwanda inataka majani. Na wimbo lazima ingoje majani mawili na kichipukizi. Ukichuma mapema, haina rangi.

Kamusi: Wacha. Sikiza hapo nyuma ya gita. Hiyo ni birika. Aliimbia jikoni, birika ikashika sauti ya pili. Kampuni ikasema birika itoke. Akawaambia hapana, tulianza pamoja.

Tuliisikiliza. Kweli ilikuwa ikiimba, na mimi kwa dakika nzima nilisahau lori, nikahisi niko katika jiko la watu nisiowajua na nimekaribishwa.

Kipkemoi, ambaye shamba lake limepakana na kituo, aliweka kikombe chini.

Kipkemoi: Nyinyi hamsikizi. Kaseti ya kwanza ilikuwa na mvua. Ya pili iko na mtu anatembea kwa barabara ya mawe. Hii ya tatu iko na nyuki. Huyo anakuja, pole pole. Na hiyo nyuki ni ya kwangu.

Hatukucheka. Mama yake Kipkemoi alipougua, Chelangat alikaa kando ya kitanda wiki tatu akimwimbia mpaka usingizi umchukue. Siku ya mazishi Kipkemoi alisimama akampa yule msichana mistari mitatu ya chai ya marehemu. Tangu hapo hakuna aliyeichuma. Chai usipoichuma inakuwa mti, na hiyo sasa imempita Kipkemoi kwa urefu, imetoa maua meupe, imejaa nyuki. Ofisa wa kilimo alikuwa amesema ikatwe Jumamosi.

Kuria: Kata tu, mzee. Itachipuka.

Kipkemoi: Si yangu. Akikuja akute visiki, nitamwambia nini? Huko hana kampuni, anaimbia watu kumi na moja. Huku ako na chai. Na mtu ako na chai hawezi kusema hana kwao.

Mimi nilimpenda Kipkemoi kwa neno hilo, nikatazama chini.

Jerusa, karani mpya wa kupima majani, alikuwa akifuta mizani karibu nasi. Ilikuwa wiki yake ya kwanza.

Jerusa: Samahani, baba. Huyo dada anajua ni yake?

Kipkemoi: Nilisema mbele ya watu wote.

Jerusa: Ulisema kwa Kiingereza?

Kipkemoi: Kwa Kikipsigis. Lakini alitafsiriwa.

Akanigeukia akitabasamu, bila wasiwasi wowote, nimjibie, maana siku ile mkalimani nilikuwa mimi. Alikuwa ameongea muda mrefu, machozi yakimtoka. Alimtaja mama yake, akataja kila mstari na mpaka wake. Mimi nilikuwa na njaa, na mawingu yalikuwa yamekusanyika. Nilimwinamia Chelangat nikamwambia kwa Kiingereza, "Anakushukuru sana."